Nakala Sitini za Siri Moja

Benchi la zahanati lilikuwa linacheka. Si kicheko cha mtu mmoja aliyesimuliwa kichekesho, hapana. Ni watu thelathini kwa mpigo, wenye presha, wenye magoti mabovu, wenye vikohozi visivyokwisha, watu ambao siku nyingine hata salamu wanaitikia kwa shida. Kicheko kilivuka barabara, kikaingia kwenye duka la fotokopi, kikamkuta Wino ameinamia mashine, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Leo wana nini wale?" alijisemea, akatabasamu peke yake.

Wino hakuwa na haja ya kuuliza. Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ni siku ya chemshabongo. Mtu wa maabara wa zahanati ile, kijana mrefu mpole ambaye wagonjwa wote walimwita Kimya, ndiye aliyekuwa akiitunga. Aliona watu wanavyosubiri majibu ya damu huku wakitafuna kucha na kuhesabu vigae, roho zikawaruka. Basi akachukua rula, akachora viboksi, akaandika vidokezo kwa mwandiko uliolala vizuri, akaja kutoa nakala kwenye duka la ng'ambo. Huko ndiko alikomkuta Wino. Mwaka mmoja na nusu umepita, na Kimya hajakosa hata wiki moja.

Kila Jumatano jioni alileta karatasi kwenye bahasha ya kaki. Kila Alhamisi asubuhi Wino alitoa nakala sitini, akazipeleka mapokezi mwenyewe. Na hapo sasa ndipo palipokuwa na ule wazimu wake. Wino alikuwa hataki kabisa kuona kidokezo kabla ya wakati wake. Alikuwa akichukua kipande cha kadi, anafunika sehemu yote ya maandishi, anaangalia viboksi tu ili karatasi ikae sawa kwenye kioo, kisha anaigeuza na kuchomoa kadi kama mtu anayeficha mtihani. Nakala zikitoka, hazitazami. Moja anaiweka pembeni, na saa saba mchana, duka likipoa, anakaa nayo. Pembeni anamwandikia mtunzi maneno yake. *Namba tisa umenionea. Namba nne nimecheka mpaka mteja akashangaa.* Jumatano inayofuata anamrudishia.

Huo ndio ulikuwa uchumba wao, kama ni uchumba. Karatasi inakwenda, karatasi inarudi. Akimkabidhi bahasha, Kimya alikuwa anashikilia ncha yake muda kidogo zaidi ya inavyohitajika, na Wino naye hakuwa na haraka ya kuvuta. Wakitazamana, kila mmoja anasahau alichotaka kusema. Halafu Kimya anaaga.

Mlango wa duka ulisukumwa, akaingia mama yake bila hodi. Kila Alhamisi mama alikwenda zahanati kupima presha, na kwa namna alivyokuwa anahema, presha hiyo leo ilikuwa imepata sababu.

"Funga mlango."

"Mama, kuna wateja wanakuja..."

"Funga mlango, nimesema!"

Wino alifunga. Mama alitandaza karatasi juu ya kioo cha mashine, akaipapasa mpaka ikanyooka. Ilikuwa chemshabongo ya leo, imejazwa yote, kwa kalamu ya wino. Mama hakuwahi kujaza kwa penseli. Alisema penseli ni ya watu wasiojiamini.

"Soma namba tatu, kwenda kulia."

"Mama, unajua mimi sisomi mpaka saa saba."

"Leo utasoma saa nne!"

Wino akasoma, sauti ikianza juu na kuishia chini. "'Kitu cha zambarau chenye maua na mfupa mmoja uliovunjika. Aliniazima siku ya mvua. Sijakirudisha, na sina mpango.'"

"Herufi saba," mama alisema. "Mwavuli. Mwavuli wangu! Miezi minane nautafuta ule mwavuli. Nimemsingizia mke wa kaka yako mbele ya watu, mpaka leo haniiti mama kwa moyo mmoja. Kumbe uko maabara!"

"Mama, ilikuwa inanyesha, na yeye..."

"Sijamaliza. Kushuka namba moja. 'Siku niipendayo kuliko zote, maana ndiyo namwona.' Nikaandika Jumapili. Ikagoma, herufi ya tano haikubali. Dereva wa teksi, yule wa goti, akasema, mama, jaribu Jumatano. Ikaingia. Nikasema mh, huyu leo ametunga ya mapenzi, safi sana. Halafu ikaja ile ya chai. 'Anaisahau mezani mpaka inapoa, halafu anaigugumia hivyo hivyo.' Nikawaambia wenzangu, jamani, huyu mwanamke ana tabia za mwanangu!"

"Uliwaambia?"

"Si mimi ndiye msomaji wa benchi! Miwani yangu ndiyo mikubwa. Nasoma kwa sauti, watu wanapiga makofi, wanauliza mwanamke gani huyu mwenye bahati, na mimi nacheka nao. Nacheka, mwanangu, kicheko cha kutoka tumboni. Mpaka nikafika kwenye mwavuli."

Wino aliziba uso kwa mikono yake miwili, akajipaka weusi mashavuni bila kujua. Hakujua ni aibu au ni furaha, maana zilikuja pamoja zikagombania mlango.

"Na hivi viboksi tisa vilivyotiwa kivuli," mama aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Vipange kutoka juu mpaka chini."

Wino alivifuata kwa kidole, kimoja kimoja. N. I. J. E. Kidole kilisimama, kikaendelea polepole. K. W. E. N. U.

Nije kwenu.

Alivuta kiti akakaa. Mwaka mmoja na nusu alikuwa anasubiri maneno hayo mawili, na yamekuja kwa kalamu ya mama yake. Alitaka kucheka. Alitaka kukimbia. Alitaka kuisoma tena kutoka mwanzo, peke yake, taratibu, kila kidokezo na utamu wake.

"Usianze kufurahi," mama alisema. "Soma hapa juu ya vidokezo. Hapa ambapo huwa unafunika na likadi lako."

Kulikuwa na mstari mmoja kwa mwandiko ule ule uliolala. *Hii ni yako peke yako. Usitoe nakala. Ya benchi nimeshaitoa mwenyewe.*

Wino alirudia kusoma ule mstari. Alikumbuka jana jioni. Kimya alisimama pale pale mlangoni, bahasha mkononi, akafungua mdomo, akaufunga, akasema tu, "Hii ya wiki hii," akaondoka karibu ajikwae kizingitini. Na yeye Wino, mtu na akili zake, asubuhi ameifunika, ameigeuza, amebonyeza sitini.

"Ameiona?" aliuliza.

"Alitoka kuita namba. Amebeba za kwake mkononi, anakuja kuzigawa. Akakuta watu wote wana karatasi tayari. Akachungulia ya dereva wa teksi." Mama aliigeuza karatasi kifudifudi. Hata yeye, na hasira zake zote, ile picha haikumpendeza. "Mwanangu, yule kijana alisimama pale mpaka nikaogopa ataanguka. Halafu akarudi ndani, akafunga dirisha."

"Anadhani nimefanya makusudi."

"Ungekuwa yeye ungedhani nini? Mtu anakuandikia siri ya moyo wake, anakwambia usitoe nakala, wewe unaigawa kwa wagonjwa sitini. Mimi ningejua nimekataliwa, na nimekataliwa kwa tarumbeta."

Wino alisimama. Mama naye akasogea, akaziba mlango kwa mwili wake.

"Kaa chini. Muuguzi wa presha ameniambia jambo jingine. Huyo Kimya wako ana barua ya hospitali kubwa ya mji mwingine. Wanamtaka. Ameikalia wiki tatu, na majibu tarishi anayachukua leo saa tano. Akisema ndiyo, mwezi ujao hayupo hapa." Mama alishusha pumzi. "Na mimi nasema, aende tu."

"Kwa nini, mama? Amekukosea nini? Mwavuli?"

"Usinifanyie mzaha! Unajua nini. Yule mchumba wako wa bima alikaa sebuleni kwangu na watu kumi na tano. Walikula, wakacheka, wakaniita mama. Wiki mbili kabla ya harusi akatuma ujumbe wa simu. Ujumbe! Nani alizunguka kuwaambia watu wasije? Nani alilala na wewe kitanda kimoja miezi miwili, akikusikiliza unavyolia kwenye mto ukidhani sisikii? Mimi. Nilijiapiza kuwa hatakuja mwanamume mwingine kunifanyia mtoto wangu vile. Sasa anakuja huyu, mwaka na nusu anakuchorea viboksi, mdomo haufungui! Mwanamume gani asiyeweza kusema jambo lake?"

"Yule wa bima alikuwa anasema, mama. Alisema sana. Kila mtu pale sebuleni alimpenda kwa maneno yake."

Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu hasemi," Wino aliendelea, na sasa machozi yalikuwa yanashuka yakichora njia kwenye weusi wa mashavu. "Lakini anajua chai yangu inapoa. Hiyo huijui ila ukiniangalia, na uniangalie siku nyingi. Yule wa bima tulikuwa naye miaka miwili. Muulize kama alijua nakunywa chai. Nampenda huyu, mama. Nimekuficha kwa sababu nilikuonea huruma wewe, si kwa sababu naona haya. Nakuomba unipishe."

"Ukienda, watu wote benchini watakuangalia."

"Waniangalie. Nimeshawagawia barua yangu, wamebakiwa na uso tu."

Mama aliuhamishia mkoba bega jingine. Kisha akasogea kando, si sana, kiasi cha mtu mwembamba kupita akijibana. Wino alipita.

Alipoingia zahanati, ukimya ulimpokea mlangoni. Watu thelathini waliinua vichwa kutoka kwenye karatasi zao. Mama mmoja wa mapacha alimgusa jirani yake kwa kiwiko, na dereva wa teksi akakunja yake haraka akaikalia.

"Nataka kuonana na mtu wa maabara," Wino alimwambia dada wa mapokezi.

"Chukua namba."

"Dada yangu, siumwi."

"Hata mimi naona huumwi," dada alisema, macho yakimcheka. "Ila dirisha lile halifunguliwi bila namba. Leo hasa. Amesema hata mkurugenzi achukue namba."

Ilikuwa thelathini na nane. Ubao ukutani ulionyesha ishirini na moja, na saa ya pale juu ilikuwa imekaribia saa tano. Wino alipiga hesabu, akaona haiendi. Akatafuta pa kukaa.

"We binti," dereva wa teksi alimwita, akijikongoja kuinuka kwenye lile goti lake. Alikuwa ameshika namba ishirini na mbili. "Mimi hili goti ninalo tangu mwaka juzi. Halina haraka." Akambadilishia namba, akarudi kukaa kabla hajashukuriwa.

Ubao ulilia. Wino alisogea dirishani. Lilikuwa dirisha dogo la kupitishia vichupa, na nyuma yake Kimya alikuwa ameinamia daftari.

"Jina na namba," alisema bila kuinua uso.

"Ishirini na mbili. Jina unalijua."

Kalamu ilisimama. Akainua macho, na Wino akayaona yalivyo mekundu. Hakuwa amewahi kumwona hivyo, na moyo ulimuuma kwelikweli.

"Hukuwa na haja ya kuja," Kimya alisema polepole. "Nimeelewa. Sitini zimetosha."

"Hujaelewa kitu. Nilikuwa sijaisoma."

"Niliandika juu kabisa, usitoe nakala."

"Na mimi juu kabisa huwa nafunika! Kila wiki nafunika vidokezo nisivione kabla ya saa saba. Kila wiki, tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nakutunza, ili nikufaidi nikiwa peke yangu." Maneno yalikuwa yanamtoka bila breki, na nyuma yake benchi lote lilikuwa limeacha kupumua. "Naapa, kidokezo cha kwanza nimekisoma sasa hivi, mama yangu akiwa amenisimamia."

"Mama yako?"

"Ndiye aliyewasomea benchi zima. Yule mwenye miwani."

Kimya aliweka kiganja kwenye paji la uso, akabaki hivyo. "Yule aliyesema 'safi sana, huyu kijana anajua kupenda'?"

"Alisema hivyo?"

"Kwa sauti. Nilimsikia kutoka ndani." Kona ya mdomo wake ilitikisika, kisha ikatulia. "Kabla ya mwavuli."

Wino alicheka, ikatoka nusu kilio. Akashika kingo za lile dirisha. "Kwa nini jana hukusema kuwa ni yangu? Neno moja tu."

"Nilifungua mdomo. Ukanitazama."

"Kwa hiyo kosa ni la macho yangu."

"Ndiyo," alisema, na alikuwa hatanii. "Nina barua hapa. Nimeitia sahihi asubuhi hii, baada ya kuona zile karatasi. Nilijiambia, kama amenikataa mbele ya watu wote hawa, nitawezaje kuvuka barabara ile kila siku nikimwona dukani?"

Barua ilikuwa mezani kwake, kwenye bahasha nyeupe iliyokwisha kufungwa. Wino aliitazama.

"Sikukatazi kuhama," alisema. "Ni kazi yako, na unaiweza. Lakini usihame ukidhani nilikukataa. Umeniuliza, na mimi nakujibu kwa mdomo wangu, wasikie wote. Njoo. Ukikaa hapa, njoo kwetu. Ukihama, njoo kwetu kwanza. Nakupenda, we mtu, nimechoka kukuandikia pembeni pembeni."

Mtu mmoja benchini alisema "aah!" kwa sauti, akanyamazishwa na wenzake. Kimya aliweka kalamu chini. Alinyoosha mkono kupitia dirisha dogo, akashika vidole vyake vyeusi, akavishika vizuri, na kwa mara ya kwanza walitazamana bila kusahau cha kusema.

"Na mama je?" aliuliza. "Siwezi kuja kwa mlango ambao yeye hajaufungua. Nitakuwa nimekuanzia vibaya."

Wino alifungua mdomo.

"Ishirini na tatu!" sauti ilisema nyuma yake.

Mama alikuwa amesimama na mkoba wake begani, namba mkononi. Kaipata wapi, Mungu anajua, maana mama wa mapacha alikuwa ghafla amegeukia dirisha la nje. Mama alimsogeza binti yake kando kwa nyonga, akazunguka, akafungua mlango wa maabara, akaingia. Alikaa kwenye kiti cha kutolea damu, akaanza kukunja mkono wa gauni.

Wino alishangaa. Daktari alikuwa amemwandikia mama kipimo cha sukari tangu mwanzo wa mwaka. Kila wiki mama alikuwa na sababu. Kisa ni sindano. Mama huyu aliyemtoa jasho fundi bomba, aliyemfukuza mwizi kwa fagio, sindano ilikuwa inamliza.

"Haya," mama alisema, mkono umenyooka, macho kwenye dari. "Toa."

Kimya alivaa glovu. Akafunga mpira juu ya kiwiko, akatafuta mshipa kwa kidole, taratibu.

"Mama," alisema, "nilikosea kutoanza kwako."

"Sikuja kuongea. Wewe mkono wako unatetemeka?"

"Hapana, mama. Ukiwa kazini hautetemeki."

"Tutaona."

Hapo ndipo tarishi alipochungulia mlangoni na mfuko wake wa barua. "Maabara, kuna majibu ya kwenda?"

Kimya aligeuza kichwa kuelekea bahasha nyeupe.

"Usitazame huko!" mama alifoka. "Tazama mkono wangu!"

Kimya akarudisha macho. "Leo hakuna," alimwambia tarishi, bila kugeuka tena. "Nitawaandikia upya."

Sindano iliingia. Wino aliona midomo ya mama ikibanwa, kisha ikaachia. Kichupa kikajaa, pamba ikawekwa, mkono ukakunjwa kwa upole. Mama alishusha macho kutoka darini, akautazama mkono wake kwa mashaka, akaugeuza huku na huku.

"Umeshamaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Sikusikia kitu." Alibana pamba kwa kidole, akimtazama yule kijana kwa ile miwani yake mikubwa, na Wino akaona kidevu cha mama kinamchezacheza. "Huyu aliumizwa sana," mama alisema, akimwonyesha binti yake kwa kichwa, kana kwamba Wino hayupo. "Sitaki aumizwe tena. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Mama yako mzazi yuko hai?"

"Yupo."

"Mwambie anitafute. Jumapili, saa nne, nitakuwa nyumbani." Mama aliinuka, akashusha mkono wa gauni, akajifuta chini ya miwani haraka haraka. Alipofika mlangoni aligeuka, akawakuta wawili wale hawajajongea hata hatua, wanaangaliana tu.

"Nyie! Mnatazamana nini?" alisema. "Majibu yangu yanatoka saa ngapi?"